Kiangazi katikati ya Marekani: joto kali na dhoruba za radi tuzisome kama taarifa moja

#1 mawingu_mazito

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa walioko Illinois, Iowa, Missouri, Kansas, Nebraska, Minnesota, Wisconsin, Indiana na Ohio, au wenye ndugu huko. Ramani za utabiri wa kiangazi zikitoka, wengi tunaangalia rangi tu: nyekundu, basi joto, kijani, basi mvua. Rangi hizo hazisemi hivyo, na jambo linaloua watu wengi halimo kwenye ramani hizo hata moja.

Tuanze na ramani yenyewe. Climate Prediction Center ya NOAA (shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa) hutoa utabiri wa miezi mitatu kila Alhamisi ya tatu ya mwezi. Matokeo wanayagawa mafungu matatu: juu ya kawaida, kawaida, na chini ya kawaida. Hiyo kawaida inapimwa kwa miaka ya 1991 hadi 2020. Pasipo na dalili yoyote, kila fungu lina asilimia 33. Kwa hiyo ukiona Iowa imepakwa asilimia 40 za joto juu ya kawaida, mizani imeinama kidogo tu, kutoka 33 kwenda 40. Si kwamba asilimia 40 ya siku zitakuwa za moto, wala ramani haisemi joto litazidi kwa nyuzi ngapi. Asilimia 60 inaweza kuishia nyuzi moja tu juu ya wastani. Na pale palipoandikwa EC msipasome kama "hali itakuwa ya kawaida". Hapo mafungu yote matatu yana nafasi sawa, hakuna dalili ya kuegemea.

Kwenye mvua ndiko watu wanakopotea zaidi. Msimu mzima unaweza kuhesabiwa una mvua nyingi kwa sababu ya dhoruba za siku nne, huku wiki zote zilizobaki zikiwa kavu. Ramani ya msimu haitabiri dhoruba, haitabiri mvua ya mawe, haitabiri tonado.

Kwa maoni yangu, hali ya udongo mwishoni mwa Mei inafaa kutazamwa kuliko habari za El Niño na La Niña. Hizo mbili zina nguvu majira ya baridi; kiangazi, huku katikati ya bara, mkono wao ni dhaifu. Ramani ya ukame ya Drought Monitor hutoka kila Alhamisi, iangalieni. Udongo ukiwa mkavu, jua halina maji ya kukausha, nguvu yake yote inaingia kwenye kupasha hewa na kipimajoto kinaruka. Ndivyo ilivyokuwa 1936, mwaka ambao Kansas na North Dakota zote zilifika nyuzi 121 F (49.4 C), na ndivyo ilivyokuwa 2012. Udongo ukiwa umelowa, kipimajoto hakipandi sana lakini hewa inajaa mvuke. Mahindi nayo yanaongeza: ekari moja hutoa hewani galoni 3,000 hadi 4,000 za maji kwa siku, yaani lita 11,000 hadi 15,000, na kilele ni Julai mahindi yakitoa mbelewele.

Julai 1995 ilikuwa ya namna hii ya pili. Kule Appleton, Wisconsin, nyuzi ya umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake unaanza kugeuka maji, ilifika 90 F (32 C). Ikiwa juu, hewa imejaa mvuke. Chicago, kituo cha Midway, kilipima 106 F (41 C) tarehe 13, na vifo vilivyozidi idadi ya kawaida jijini vilihesabiwa 739.

Sasa hoja yangu. Mvuke uleule unaozuia usiku usipoe ndio chakula cha dhoruba. Ndiyo maana joto na dhoruba si taarifa mbili. Na siku ya kuiogopa kuliko zote ni ya pili au ya tatu baada ya dhoruba: nguzo zimelala, umeme hakuna, na joto limerudi. Juni 29, 2012 dhoruba moja ndefu ilipita Indiana na Ohio, ikavuka milima ya West Virginia hadi pwani ya Atlantiki. Wateja zaidi ya milioni 4 walikosa umeme katikati ya wimbi la joto, wengine zaidi ya wiki. Nje ya eneo letu, Houston 2024 waliyapata mara mbili: dhoruba ya Mei 16, kisha kimbunga Beryl cha Julai 8 kilichozima umeme wa wateja zaidi ya milioni 2.

Wenye ujuzi wa rada, tiba na umeme, karibuni mshushe nondo.

#2 rada_ya_usiku

Mkuu umefungua vizuri. Niweke nyama upande wa dhoruba.

Joto kali la Julai huletwa na kuba la joto. Ni kanieneo kubwa iliyokaa juu, inasukuma hewa chini. Hewa ikishuka inabanwa, ikibanwa inapata moto, na mawingu yanakosa pa kupandia. Ndani ya kuba ni jua na utulivu. Kwenye ukingo wake, hasa wa kaskazini, ndiko upepo wa juu unakopita, na dhoruba hufuata ukingo huo kundi baada ya kundi, wakati mwingine siku tatu au nne mfululizo. Watabiri wa huko huuita pete ya moto.

Kwa hiyo swali la wiki ni ukingo umelala wapi. Kuba likikaa Oklahoma, ukingo uko Iowa na Illinois. Likisogea kilomita 300 kaskazini, Iowa inaungua na Minnesota ndiyo inayopigwa. Utabiri wa siku 6 hadi 10 na wa siku 8 hadi 14, ambao hutoka kila siku, unatosha kuona kuba linaelekea wapi. Mstari wenyewe wa ukingo hauonekani vizuri mpaka siku moja au mbili kabla.

Kuna kitu kingine kinachoamua: kifuniko. Ni tabaka la hewa ya moto na kavu inayotoka nyanda za juu za magharibi na kukaa kimo cha kilomita mbili au tatu hivi. Chini yake mvuke unajikusanya mchana kutwa kama sufuria iliyofunikwa. Nguvu iliyojikusanya hupimwa kwa kipimo cha CAPE: joule 1,000 kwa kilo zinatosha dhoruba ya kawaida, 2,500 ni nyingi, 4,000 na zaidi ni siku ya kukaa karibu na redio. Lakini kifuniko kikiwa kigumu mno, jioni inapita kavu na watu wanasema wametishwa bure. Utabiri wa kiangazi hukosea hapo mara nyingi. Kosa lingine ni kinyume chake: dhoruba za usiku uliopita huacha mpaka wa hewa baridi chini, programu za utabiri haziuoni vizuri, na mchana wake dhoruba mpya inazaliwa juu ya mpaka huohuo.

Usiku nao una yake. Jua likizama, mkondo wa upepo wa kusini, kimo cha mita mia kadhaa tu, unaongeza kasi na kusomba mvuke kutoka Ghuba ya Meksiko. Ndiyo sababu Nebraska na Iowa dhoruba kubwa nyingi hupita usiku wa manane, watu wamelala na simu zimezimwa sauti.

Ile dhoruba ndefu aliyoitaja mleta uzi inaitwa derecho: safu ya radi inayosukuma upepo wa mbele moja kwa moja, bila kuzunguka kama tonado, kwa mamia ya kilomita. Kubwa ya siku za karibuni ni ya Agosti 10, 2020. Ilikwenda maili 770 (km 1,240) kwa saa 14, na Cedar Rapids, Iowa, upepo ulikadiriwa kufika maili 140 kwa saa (km 225). Siku ile ngazi ya hatari ilipandishwa siku hiyohiyo, si siku mbili kabla. Kwa hiyo kuangalia ramani mara moja ukinywa chai asubuhi hakutoshi. Storm Prediction Center, kituo cha kutabiri dhoruba kali kilichoko Norman, Oklahoma, huibadilisha ramani ya ngazi za hatari ya siku mara tano. Kwa saa za Chicago ni saa 7 usiku, saa 2 asubuhi, saa 5 na nusu asubuhi, saa 9 alasiri na saa 2 usiku. Mkiweza kuangalia mara mbili tu, chagueni ile ya saa 5 na nusu na ile ya saa 9.

#3 mwanafunzi_kc

Asante sana wakuu. Nauliza mambo mawili. Kwenye ramani hiyo naona njano imeandikwa "Slight", yaani kidogo. Si ya kupuuza tu hiyo? Na kati ya "Watch" na "Warning" ipi ndiyo kali?

#4 rada_ya_usiku

Usipuuze njano. Ngazi ni tano: 1 Marginal ya kijani kizito, 2 Slight ya njano, 3 Enhanced ya chungwa, 4 Moderate nyekundu, 5 High ya zambarau-waridi. Majina yanadanganya, fuata namba. Njano kwa upande wa upepo ina maana uwezekano usiopungua asilimia 15 wa upepo mkali kutokea ndani ya maili 25 (km 40) za pale ulipo. Asilimia 15 ni ndogo masikioni, lakini siku ya kawaida uwezekano huo ni sehemu ndogo sana ya hapo. Siku za njano ni nyingi kiangazi, na uharibifu mwingi hutokea siku hizo kwa sababu hakuna aliyejiandaa. Ngazi ya 5 inaweza isitokee kabisa mwaka mzima.

"Watch" ni kwamba viungo vyote vipo jikoni, kwa eneo kubwa na kwa saa kadhaa. Chaji simu, ingiza gari ndani, jua watoto wako wapi. "Warning" ni kwamba chakula kimeiva: dhoruba imeonekana kwa rada au kwa macho, na eneo limechorwa kwa mipaka midogo. Hapo unaingia ndani, huendi barazani kuangalia.

Dhoruba huitwa kali ikiwa na upepo wa maili 58 kwa saa (km 93) au mawe ya inchi 1 (sm 2.5). Lakini simu yako hailii kwa kila onyo la dhoruba. Onyo la tonado hulia. Onyo la dhoruba ya radi hulia tu likiwa limewekewa alama ya "destructive", yaani upepo wa maili 80 kwa saa (km 129) au mawe ya inchi 2.75 (sm 7). Kati ya 58 na 80 simu inanyamaza, na upepo wa maili 75 unaangusha mti juu ya nyumba vizuri tu.

Pengo hilo linazibwa na redio ya hali ya hewa ya NOAA. Inasikika kwenye masafa saba kati ya 162.400 na 162.550 MHz. Nunua yenye mpangilio wa SAME na sehemu ya betri, kisha ingiza namba ya kaunti yako yenye tarakimu sita. Cook ya Chicago, kwa mfano, ni 017031. Ukiacha kuingiza namba, redio italia kwa kila kaunti ya jirani, na baada ya usiku wa tatu utaichomoa ukutani. Jaribio la kila wiki kwa kawaida ni Jumatano. Isipolia siku hiyo, hamisha antena karibu na dirisha au jaribu masafa mengine. Ving'ora vya mjini vimewekwa kwa ajili ya watu walioko nje. Kuvisikia ukiwa ndani umelala na kiyoyozi kinanguruma ni bahati.

#5 kipimajoto

Naongeza fupi, kwa sababu bado yanarudiwa. Kufungua madirisha ili "kusawazisha hewa" tonado ikija ni kupoteza sekunde za kujificha, na upepo unaingia kuinua paa kwa ndani. Kujibanza chini ya daraja la barabara kuu ni vibaya zaidi, upepo pale unabanwa na kuongeza kasi. Anayeishi nyumba ya trela aondoke wakati wa "Watch", asisubiri "Warning". Nyumba ya kawaida: besimenti, au chumba cha kati cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha, ukiwa umevaa viatu. Watu wengi hukatwa miguu na vioo baada ya upepo kupita.

Radi: ukisikia ngurumo, imeshakufikia. Gari lenye paa la chuma linafaa, kibanda cha bustani hakifai. Kaa ndani dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

#6 nesi_wa_zamu

Nishike upande wa joto, maana huko ndiko watu wanakofia kimyakimya.

Kipimajoto peke yake kinadanganya. Nyuzi 90 F (32 C) na unyevu wa asilimia 70 mwili unazihisi kama 105 F (41 C). Nyuzi 100 F kwenye hewa kavu ya asilimia 20, hazihisiwi kuzidi hizo 100. Na hesabu hizo ni za kivulini. Juani ongeza hadi nyuzi 15 F (8 C). Mimi huangalia nyuzi ya umande kabla ya unyevu wa asilimia, kwa sababu asilimia hushuka mchana hata mvuke ukiwa uleule. Umande wa 70 F (21 C) unanata mwilini, 75 F (24 C) jasho halikauki vizuri, 80 F (27 C) kazi za nje zisimame.

Tazameni ramani ya HeatRisk ya NWS (idara ya hali ya hewa ya Marekani), yenye ngazi 0 hadi 4. Uzuri wake inahesabu mambo ambayo kipimajoto hakihesabu: usiku ulipoa au haukupoa, joto hili ni geni kwa mahali hapo na kwa wakati huo wa mwaka, na limekaa siku ngapi. Wimbi la mapema Juni linaumiza kuliko la Agosti lenye nyuzi zilezile, kwa sababu miili haijazoea. Onyo kubwa la joto sasa linaitwa "Extreme Heat Warning". Kabla ya Machi 2025 lilikuwa "Excessive Heat Warning", msichanganyikiwe mkiona maandishi ya zamani.

Usiku ndio wa kuangaliwa sana. Mwili unategemea saa chache za ubaridi ili moyo upumzike. Usiku usiposhuka chini ya 80 F (27 C) kwa siku mbili tatu, wazee wanaanza kuzidiwa. Uchunguzi wa vifo vya Chicago 1995 ulionyesha walio hatarini zaidi: anayeishi peke yake, asiyetoka nje kila siku, anayekaa ghorofa ya juu kabisa, asiye na kiyoyozi. Kama unamfahamu mtu mwenye hayo manne, mpigie asubuhi na jioni, na jioni uende kwa miguu. Kwenye simu mtu huitika "niko salama" akiwa tayari ameanza kuchanganyikiwa.

Dalili. Kuchoshwa na joto: jasho jingi, ngozi baridi yenye majimaji, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza. Mlaze mahali pa baridi, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo. Kiharusi cha joto ni jambo jingine: mwili umepita 104 F (40 C) na akili imeguswa. Anaongea ovyo, anayumba, anakasirika bila sababu, anaanguka. Msisubiri ngozi ikauke, anayefanya kazi anaweza kupata kiharusi cha joto akiwa bado anatiririka jasho. Piga 911 na uanze kumpoza palepale, usisubiri gari. Bora kuliko yote ni kumtumbukiza kwenye beseni au bafu la maji ya baridi, kichwa kikiwa juu na mtu amemshika. Pasipo na bafu, mwagia maji mwili mzima na upepee kwa nguvu, barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Aliyechanganyikiwa asipewe kitu cha kunywa. Panadol na aspirini hazishushi joto la namna hii.

Dawa zinazopunguza uwezo wa mwili kujipoza: vidonge vya kuongeza mkojo, beta-bloka (za moyo na presha), lithiamu, nyingi za magonjwa ya akili. Usiziache mwenyewe. Muulize daktari sasa, kabla ya wimbi la joto.

#7 jua_kali

Nesi, shukrani. Ila mtu aliyekulia kwenye joto la unyevunyevu si ana kinga? Na feni mbili dirishani hazitoshi?

#8 nesi_wa_zamu

Kinga hiyo si ya kuzaliwa nayo ndugu yangu. Mwili huzoea joto kwa wiki moja hadi mbili za kulikabili, na ukikaa kwenye ubaridi wiki chache mazoea yanapotea. Aliyepitisha majira ya baridi ya Minnesota anaanza Juni sawa na wenzake. Tena majengo ya huko yamejengwa kushika joto: ukuta wa matofali uliopigwa na jua mchana unalirudisha chumbani saa 6 usiku.

Feni inasaidia hewa ya ndani ikiwa chini ya 90 F (32 C) hivi. Zaidi ya hapo CDC (shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa) wanaonya kwamba inaweza kuongeza joto la mwili, kwa sababu unapuliziwa hewa ya moto, na kwa mzee asiyetoa jasho jingi hakuna cha kukausha. Weka kipimajoto kidogo chumbani, usikadirie. Ikipita hapo: kuoga maji ya baridi, nguo iliyolowa, na kuhamia mahali penye kiyoyozi hata saa tatu au nne kwa siku. Piga 211 uulize kituo cha kupozea watu kilicho karibu na saa zake za kufunga. Vingine hufunga jioni, wakati nyumba ya ghorofa ya juu ndiyo iko kwenye kilele cha joto.

#9 fundi_umeme

Mleta uzi amegusa penyewe: siku ya pili bila umeme. Haya ni ya kufanya kabla.

Chagueni chumba kimoja. Msijaribu kupoza nyumba nzima. Chumba cha chini, upande wa kaskazini au mashariki, mlango unaofunga vizuri, madirisha yaliyozibwa jua kwa nje ikiwezekana. Kiyoyozi cha dirishani cha Btu 5,000 (Btu ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinatosha futi za mraba 100 hadi 150 (mita za mraba 9 hadi 14); Btu 8,000 zinafika futi 350 (mita 32 hivi). Msinunue kikubwa kupita chumba, kitapoza haraka na kuzima kabla hakijavuta unyevu, mtabaki na ubaridi unaonata. Mwenye kipato kidogo aulize mpango wa LIHEAP wa jimbo lake mapema. Majimbo kadhaa husaidia gharama za kupoza nyumba, na fedha huisha kabla ya Agosti.

Jenereta. Kiyoyozi cha Btu 5,000 kinakula wati 450 hadi 500 kikitembea, lakini kikianza kuwaka kinataka mara mbili au tatu ya hapo kwa sekunde. Friji inatembea kwa wati 150 hadi 200, nayo ina ruko lake. Jenereta ndogo ya inveta ya wati 2,000 inabeba vyote viwili, mradi uviwashe kimoja kimoja: kiyoyozi kwanza, subiri kitulie, ndipo friji. Galoni moja ya petroli inakaa saa 3 hivi kwa mzigo kamili na karibu saa 8 kwa robo ya mzigo. Piga hesabu ya usiku mmoja uone mafuta unayohitaji, maana bila umeme hata pampu za vituo vya mafuta hazifanyi kazi.

Waya wa ekstensheni uwe namba 12. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo waya unavyokuwa mnene. Ule mwembamba wa namba 16 wa taa za mapambo unapata moto chini ya zulia, na volti inashuka hadi kompresa ya kiyoyozi inaungua. Gusa waya baada ya dakika kumi. Ukiwa wa moto mkononi, umezidiwa.

Jenereta ikae futi 20 (mita 6) kutoka nyumba, moshi ukielekea upande usio na dirisha. Gereji iliyofunguliwa mlango si nje. Kaboni monoksaidi haina harufu, na watu huzimia usingizini siku ya tatu baada ya dhoruba wakiwa wameshanusurika upepo. King'amuzi cha gesi hiyo chenye betri kiwe karibu na vyumba vya kulala. Zima na uache ipoe dakika 15 kabla ya kujaza mafuta. Na kamwe usiichomeke kwenye soketi ya ukutani kulisha nyumba bila swichi ya kubadilishia: umeme utatoka nje, upitie kwenye transfoma na kumkuta fundi aliyepanda nguzo akijua laini imekufa.

Waya uliolala chini uhesabu una umeme, kaa futi 35 (mita 10 na ushee) mbali. Ukiliangukia gari, kaa ndani ya gari mpaka laini izimwe.

Kuna jambo linalowachelewesha watu siku nyingi bila wao kujua. Asubuhi baada ya dhoruba, angalia ule mlingoti wa bomba juu ya mita, unaopokea waya kutoka nguzoni. Kwa kawaida waya na mita ni vya kampuni, mlingoti ni wa mwenye nyumba. Umepinda au umeng'oka ukutani? Kampuni haitaunganisha mpaka fundi mwenye leseni aurekebishe. Jirani wote wanawaka, wewe giza, unadhani umesahaulika. Ita fundi siku ile ya kwanza.

#10 msimamizi_wa_saiti

Kwa wanaofanya kazi za nje, paa, barabara, mashamba: mtu mpya siku ya kwanza apewe asilimia 20 tu ya kazi ya kwenye joto, kila siku aongezewe 20. Huo ndio mwongozo wa OSHA (idara ya Marekani ya usalama kazini), na unahusu pia aliyetoka likizo ndefu. Vifo vingi vya kazini hutokea siku za mwanzo. Maji kikombe kimoja (mililita 240) kila dakika 15 hadi 20, bila kusubiri kiu, na yasizidi lita 1.4 kwa saa, maana maji mengi mno yanapunguza chumvi mwilini hadi kuleta degedege. Wafanye kazi wawiliwawili. Mtu aliyepatwa na joto hajitambui.

#11 mwanafunzi_kc

Umeme ukikatika, insulini na vyakula vya kwenye friji vinakaa muda gani?

#12 nesi_wa_zamu

Friji iliyofungwa hushika ubaridi saa 4. Friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji kuanzia leo. Weka kikombe cha maji kigande, kisha sarafu juu yake. Umerudi ukaikuta sarafu imezama? Friza iliyeyuka ikaganda upya, nyama hiyo tupa. Chakula kibichi au kilichopikwa kikikaa juu ya 40 F (4 C) kwa zaidi ya saa 2 kitupwe, na chumba kikipita 90 F (32 C) ni saa 1. Usionje kujaribu.

Insulini inavumilia nje ya friji kati ya 59 na 86 F (15 hadi 30 C) hadi siku 28. Tatizo ni kwamba nyumba isiyo na umeme Julai hupita 86 kabla ya adhuhuri. Iweke kwenye kiboksi chenye barafu, imefungwa kwa taulo isiguse barafu, maana ikiganda imekufa hata ikiyeyuka tena. Andika tarehe kwenye chupa siku iliyotoka friji. Ukikosa nyingine itumie, lakini pima sukari mara nyingi kuliko kawaida.

#13 jua_kali

Swali la mwisho kwa fundi. Umeme ukirudi, kuna utaratibu au ni kuwasha tu?

#14 fundi_umeme

Upo. Ukikatika tu, zima kwa mkono kiyoyozi, jiko na pasi, acha taa moja ikiwa wazi ikuambie umerudi. Ukirudi, tulia dakika 5 hadi 10. Mara nyingi laini hukatika tena mara mbili tatu, kwa sababu nyumba zote mtaani zimewasha viyoyozi kwa pamoja. Taa ikiwa hafifu au inang'aa kupita kiasi, zima swichi kuu na uite kampuni, waya wa kati huenda umekatika na utaunguza kila kitu.

Taa ikitulia, friji kwanza. Kisha kiyoyozi, ila kiwe kimekaa dakika 5 kamili tangu kilipozima. Kompresa ikianza na shinikizo bado liko upande mmoja inakwama na kuungua. Usiweke nyuzi za chini kabisa ukidhani kitapoza haraka zaidi. Weka 78 F (25.5 C). Nyumba iliyopata moto siku mbili itachukua saa nyingi, kwa sababu kuta, magodoro na sakafu nazo zinatoa joto. Bomba la nje likianza kuota barafu, zima ubaridi, acha feni peke yake itembee saa tatu, na uangalie chujio. Baada ya dhoruba nalikuta mara nyingi limeziba kwa vumbi na nyuzi za insulesheni kutoka darini. Badilisha ndipo uwashe tena.